Toa Hesabu Kabla Hujaulizwa: Mwongozo wa Uwajibikaji wa Kila Siku kwa Mkristo wa Mtwara na Lindi

Katika Kiswahili cha siku hizi neno kuwajibika limeingiwa na harufu ya adhabu. Tukisikia kwamba kiongozi fulani amewajibika tunaelewa kwamba amejiuzulu, na tukisikia kwamba amewajibishwa tunaelewa kwamba ameondolewa, kana kwamba uwajibikaji ni jambo linalomfikia mtu mara moja tu, siku mambo yalipoharibika. Mfano unaokumbukwa zaidi nchini ni ule wa mwaka 1977, pale Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa mkoani Shinyanga waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Ni mfano mzuri, nami nautaja kwa heshima hata kama mwongozo huu ni wa Wakristo na yeye alikuwa Mwislamu. Hata hivyo hauwezi kumsaidia sana mtunza hazina wa kikoba cha Tandahimba au fundi cherehani wa Nachingwea, ambaye hana wizara ya kujiuzulu na ambaye hesabu yake inadaiwa kila jioni.

Maandiko yanalianzia jambo hili mahali pa karibu zaidi. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba kila mtu miongoni mwetu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu (Warumi 14:12), na uzito wa sentensi hiyo umo katika maneno mawili, "zake mwenyewe", kwa sababu habari za wengine sote tunazitoa vizuri bila kufundishwa. Adamu ndiye wa kwanza kuulizwa, na jibu lake linastahili kusomwa polepole: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala" (Mwanzo 3:12). Hesabu yote aliyodaiwa Adamu ilikuwa neno moja, nikala, nalo amelisema, ila amelisukuma hadi mwisho, nyuma ya mke wake na nyuma ya Mungu aliyempa mke huyo. Hatua zinazofuata zina kazi moja tu, yaani kumzoeza mtu kulitanguliza neno nikala, na kulisema kabla sauti haijamwita bustanini.

Hatua ya kwanza: andika orodha ya amana zako

Chukua karatasi na uandike kila kitu ulicho nacho mkononi ambacho si chako peke yako. Usikimbilie fedha kwanza, kwa kuwa fedha ni rahisi kuiona. Andika mashine ya kupulizia mikorosho salfa uliyoazima kwa jirani tangu mwezi wa sita, stakabadhi ya korosho ya mama mjane aliyekuomba umfuatilie malipo kwa kuwa hajui kusoma, ufunguo wa kanisa, siri aliyokuambia rafiki yako kuhusu ndoa yake, saa za kazi ambazo mwajiri amezilipia, ahadi ya kwenda kumwona mgonjwa katika hospitali ya Ndanda. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao hufuatwa kwa upande wa mama, andika pia watoto wa dada zako, kwa maana mjomba wa kusini si mgeni wa kuja kula pilau siku ya harusi bali ni mtu anayedaiwa neno pale mtoto anapoacha shule.

Neno ninalolipenda kwa orodha hii ni amana, ambalo tunalitumia pamoja na jirani zetu Waislamu, walio wengi hasa mwambao, na ambalo halihitaji mahubiri ili lieleweke. Kitu kikiitwa amana kila mtu wa Lindi na Mtwara anajua kwamba kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kuja usiku. Ipe orodha wiki moja nzima, kwa sababu siku ya kwanza utaandika vitu vitano na siku ya nne utakumbuka kile ulichokuwa umeanza kukihesabu kuwa chako.

Hatua ya pili: fungua daftari, na uandike siku hiyo hiyo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa katika miaka yangu ya kuhudumu kama mtunza hazina wa jumuiya nimeona watu wema wengi wakiharibikiwa kwa kukosa daftari kuliko wezi wakifanikiwa kwa kuwa nalo.

Mimi mwenyewe ni mmojawapo. Mwezi mmoja wa Februari, fedha za korosho zilipokuwa zimekwisha na ada ya mtoto ilikuwa haijakamilika, nilichukua shilingi 40,000 kutoka fedha za jumuiya niliyokuwa nikiitunzia hazina, nikijiambia kwamba nitazirudisha wiki itakayofuata. Sikuandika popote. Wiki iliyofuata nilirudisha 15,000, na iliyofuata tena sikukumbuka kama nilirudisha 10,000 au nilikusudia tu kurudisha. Hakuna aliyeniuliza kwa miezi mitatu. Nataka msomaji aelewe kwamba katika miezi hiyo sikujiona mwizi hata siku moja. Nilijiona mtu mwenye deni dogo ambalo tarehe yake haijafika. Kalamu ingeniambia ukweli usiku ule wa kwanza, kwa sababu ni vigumu sana kwa mkono kuandika "nimechukua bila ruhusa" kisha mtu alale vizuri.

Kwa hiyo nunua daftari gumu, lile tunaloliita kauntabuku, ulichore safu tano: tarehe, kilichoingia na kimetoka kwa nani, kilichotoka na kimekwenda kwa nani, kilichobaki, na saini. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka, wala usichane ukurasa, kwa kuwa ukurasa uliochanwa ndio utakaoulizwa kuliko kurasa zote. Fedha ya amana isikae katika laini ile ile ya simu unayoitumia kununulia vocha na kuwatumia ndugu fedha. Fungua laini nyingine, au ikae katika sanduku. Na uandike siku hiyo hiyo, hata kama umeme umekatika na unaandika kwa tochi ya simu, kwa maana kumbukumbu ya mtu mwenye shida humpendelea mwenye shida.

Wako wanaosema kwamba daftari kanisani ni dalili ya kutoaminiana. Wasome Ezra sura ya 8. Ezra alipokuwa akitoka Babeli kwenda Yerusalemu na hazina ya hekalu, aliwachagua makuhani, akawapimia mikononi talanta 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu pamoja na vyombo, akawaambia wazi kwamba wao ni watakatifu na kwamba wavilinde hadi watakapovipima tena mbele ya wakuu. Walipofika walipima tena, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Watu wale waliitwa watakatifu na wakapimiwa mwanzo na mwisho wa safari, katika sura moja, bila mtu kuona kwamba jambo la pili linalitukana la kwanza. Mkulima wa korosho anaelewa hili kuliko mwanateolojia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho zake ghalani akapewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, uanze kwetu katika msimu wa 2007/2008, mkulima mwenye busara hupima magunia yake nyumbani kabla ya kuyapeleka chama cha msingi cha ushirika, husimama karibu na mizani yakipimwa, na husoma kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi kabla ya kugeuza baiskeli. Hafanyi hivyo kwa sababu karani ni mwizi. Anafanya hivyo ili kesho, ikitokea tofauti, karani naye awe na pa kujitetea.

Andiko jingine linalotumiwa, mara nyingi na watu wasiotaka kuulizwa, ni 2 Wafalme 12:15, panaposemwa kwamba mafundi wa hekalu wakati wa mfalme Yoashi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Soma mistari iliyotangulia. Mpaka mwaka wa ishirini na tatu wa mfalme makuhani walikuwa wamepokea fedha bila kutengeneza mabomoko ya nyumba, ndipo likawekwa sanduku lenye tundu katika kifuniko, na fedha ilipoonekana kuwa nyingi walikuja watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu na kuifunga mifukoni. Uaminifu wa mafundi ulikuja baada ya sanduku na baada ya watu wawili. Vikoba vyetu vilivyo na sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanachama watatu wasiokaa nyumba moja, viko karibu na andiko hilo kuliko makanisa mengi ambamo sadaka huhesabiwa na mtu mmoja chumbani huku mlango umefungwa. Ukiombwa kuhesabu sadaka peke yako, kataa kwa upole na usubiri wa pili. Unamlinda mtoaji, na zaidi unajilinda wewe, maana Paulo alipokuwa akipeleka mchango Yerusalemu hakutaka Tito asafiri bila ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, akisema kwamba anatangulia kufikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu (2 Wakorintho 8:21).

Hatua ya tatu: tafuta mtu mmoja atakayekuuliza

Daftari haliulizi. Mtu anaweza kulijaza vizuri kwa mwaka mzima akaficha mambo yasiyo ya fedha, hasira yake nyumbani, pombe ya msimu, picha anazotazama kwenye simu usiku, uvivu wa kazini. Kwa hayo anahitajika binadamu. Yakobo anasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana ili tupate kuponywa (Yakobo 5:16), na Mithali 27:17 inasema chuma hunoa chuma. Anayejua kunoa panga anajua pia kwamba kazi hiyo ina kelele na cheche, na kwamba tupa laini kuliko panga haifai.

Mchague mtu asiyekuogopa wala kukutegemea. Mfanyakazi wako hafai, mdeni wako hafai, na mtu anayekudai hafai vilevile. Awe wa jinsia yako, isipokuwa ni mume au mke wako, kwa kuwa mazungumzo ya siri ya mara kwa mara kati ya mwanamume na mwanamke wasio wanandoa yameanzisha mengi yaliyohitaji kuungamwa baadaye. Awe ametulia katika imani kuliko wewe au angalau sawa nawe. Awe mtu ambaye habari zako hazijawahi kukurudia kupitia kwake. Wakatoliki wana padre wa kitubio na kifungo cha siri ya sakramenti, jambo ambalo halina mbadala, lakini padre anaweza kuwa na vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia yake, na hataweza kukuuliza kila Jumamosi kama umemrudishia jirani mashine yake. Kwa hiyo hata mwenye kuungama mara kwa mara anahitaji ndugu wa karibu.

Kusini tuna hazina nyingine ambayo nashangaa tunavyoiacha nje ya kanisa, nayo ni utani. Mtani ana ruhusa ambayo padre, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji hawana: anaweza kusimama msibani akasema mbele ya watu wote kwamba marehemu alikuwa bahili, na hakuna anayeweza kununa. Mtani mwenye kumcha Mungu anaweza kukuambia kwa mzaha jambo ambalo kwa uzito ungelikataa. Siwezi kusema kwamba kila mtani anafaa, maana wengine huutumia utani kuficha chuki, lakini ikiwa unaye mtani ambaye mzaha wake umewahi kukufanya ukose usingizi, mfikirie kwanza huyo.

Kumwomba mtu kazi hii kunahitaji maneno ya wazi, kwa kuwa ukisema tu "uniombee" atakuombea na kuishia hapo. Kijana mmoja anaweza kumwendea mzee wa kanisa jioni na kusema: "Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja na ombi. Nataka kila Jumamosi ya pili uniulize mambo matatu, hata kama nitaonekana nina haraka. Nikikudanganya nitakuwa nimedanganya kwa kukutazama, na hilo naliogopa." Mzee akijibu "Marahaba, mwanangu, nami nani ataniuliza?", basi mmepata mwanzo mwema kuliko mlivyotarajia.

Hatua ya nne: wekeni siku na maswali

Siku iwe ile ile, mahali pawe pale pale, na muda usizidi saa moja. Mwezi wa Oktoba hadi Januari, msimu wa korosho unapokuwa umepamba moto, msiahirishe kwa kisingizio cha shughuli, kwani huo ndio wakati fedha inaingia kwa mkupuo na watu wanaojulikana kwa utulivu mwaka mzima hupotea nyumbani siku tatu.

Maswali ya jumla huzaa majibu ya jumla. Ukiulizwa "unaendeleaje kiroho?" utajibu "namshukuru Mungu", na mtakunywa chai. Swali liwe na namba, tarehe au jina ndani yake. Kilichobaki kwenye daftari ni kiasi gani, na naomba kuliona. Juma hili umemwambia nani neno ambalo usingependa nilisikie? Ile ahadi ya Jumanne kwa fundi wa paa umeitimiza? Umetazama nini kwenye simu ukiwa peke yako? Mke wako akiulizwa kuhusu juma hili atasema nini? Swali la mwisho liwe hili daima: katika majibu uliyonipa, lipi halikuwa kamili? Nimeona swali hilo likifungua mambo ambayo maswali matano ya kwanza yaliyapita, pengine kwa sababu mtu anapokuwa ameshadanganya kidogo hutamani kupewa mlango wa kurudia.

Anayejibu aanze na kitenzi cha nafsi yake. Nilichelewa. Nilikasirika nikampiga mtoto. Nilinunua. Maelezo ya sababu yaje baadaye, na muulizaji ana haki ya kuyakatisha. Hii ndiyo nidhamu ya nikala niliyoitaja mwanzoni, na wiki za kwanza utajisikia kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Hatua ya tano: ukikosa, rudisha na kuzidisha

Kuungama bila kurudisha kumekuwa ugonjwa wetu. Mtu hulia mbele ya madhabahu, watu humpigia makofi, na aliyeibiwa anarudi nyumbani mikono mitupu huku akitakiwa aseme amina. Torati ilikuwa na utaratibu ulio wazi zaidi: mwenye kosa aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea (Hesabu 5:7). Kwa deni langu la 40,000 sehemu ya tano ni 8,000, kwa hiyo niliandika 48,000. Niliitisha kikao cha viongozi wa jumuiya kabla ya siku ya ukaguzi, nikaanza na neno "nilichukua", nikalipa kwa awamu tatu, na nikaomba hazina apewe mwingine. Nilipewa baada ya miaka miwili tena, kwa kura, na ninaamini kwamba nisingepewa kama wangenigundua wao. Zakayo alikwenda mbali zaidi akaahidi mara nne (Luka 19:8), lakini sehemu ya tano inatosha kumfundisha mtu kwamba fedha ya wengine ina gharama.

Kuna makosa ambayo kurudisha kwake ni kugumu kukokotoa, na kwetu lililo kubwa ni kangomba. Kila mwaka, kabla ya minada kufunguliwa, wapo wanaozunguka vijijini wakinunua korosho kwa kificho nje ya mfumo rasmi, au wakimkopesha mwenye njaa fedha kidogo ili alipe kwa korosho nyingi msimu utakapofika. Ni kosa kisheria, na linajulikana kuwa ni kosa, lakini baadhi ya wanaolifanya huketi nasi benchi moja Jumapili na hata hutoa zaka kutokana na faida yake. Ndugu, ikiwa ulimchukulia mama fulani gunia kwa bei ya kumkandamiza kwa sababu mtoto wake alikuwa anaumwa, zaka haikusafishi. Kaa na yule anayekuuliza, tafuteni bei ya mnada aliyolipwa mkulima msimu ule kwa kilo, toeni ulichompa, na tofauti pamoja na sehemu yake ya tano umpelekee mwenyewe nyumbani kwake, mchana. Kama amefariki, Hesabu 5:8 inazungumzia jamaa yake wa karibu. Na msimu ujao usinunue.

Hatua ya sita: jifunze kumuuliza mwingine

Anayeulizwa ipo siku atalazimika kuuliza, na hapo wengi wetu huteleza kwa kunyamaza au kwa kutangaza. Yesu aliweka mpangilio ambao hauruhusu yote mawili: nenda kwake peke yenu kwanza, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa (Mathayo 18:15-17). Kundi la meseji la jumuiya si mojawapo ya ngazi hizo. Nathani alipomwendea Daudi hakuanza na shutuma. Alianza na kisa cha mwana-kondoo wa maskini, akamwacha mfalme atoe hukumu mwenyewe, ndipo akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Wazee wetu nao walikuwa na njia za mafumbo, na yapo mambo ambayo mtu mzima wa kusini huyapokea kwa fumbo pekee.

Wagalatia sura ya 6 ina jambo linalowachanganya wasomaji. Mstari wa pili unasema tuchukuliane mizigo, na mstari wa tano unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walifanya vizuri kutumia maneno mawili. Mzigo ni kile kinachomwelemea mtu barabarani, ugonjwa, msiba, majaribu yanayomzidi, na hapo tunapaswa kumpokea. Furushi ni kile ambacho kila msafiri hutoka nacho nyumbani, kazi yake, watoto wake, neno lake. Ukimlipia ndugu deni la kamari kila mwezi unabeba furushi lake, na unamnyima miguu. Ukimwambia mwenye msiba ajitegemee umemwachia mzigo. Muulizaji mzuri hujiuliza kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho mbele yake.

Nyumbani

Kwa wanandoa, fedha ya korosho ikishaingia benki, kaeni siku hiyo hiyo mkiwa na stakabadhi mezani, mkate kwanza ada ya Januari, chakula hadi mwezi wa tano na pembejeo za msimu ujao, kisha kiasi cha kila mmoja kutumia bila kuulizwa. Hicho cha mwisho ni cha lazima, kwa sababu mtu anayedaiwa hesabu ya kila soda hujifunza kudanganya. Kwa watoto, mzazi akikosea aseme "mwanangu, nilikosea" bila kuongeza "lakini na wewe". Mtoto aliyesikia neno hilo mara mbili tatu hahitaji somo la darasani.

Mipaka ambayo haivukwi

Uwajibikaji unaweza kugeuzwa kuwa kamba ya kuwafungia watu. Kiongozi anayedai siri za waumini wote huku yeye haulizwi na mtu, anayezitumia siri hizo katika mahubiri, anayetaka nywila za simu zao au anayewaamulia nani wa kuoa, huyo anatafuta utawala, na muumini ana haki ya kuondoka chini yake bila kujiona ameasi. Dalili ya haraka ni kuuliza swali moja: na wewe, mzee, unatoa hesabu kwa nani? Asipokuwa na jina la kutaja, usimpe lako.

Tena, Mathayo 18 haikuwekwa ili kuficha jinai. Mtoto akinajisiwa, mwanamke akipigwa, mtu akitishiwa maisha, halihusu kikao cha wazee wa kanisa wala mazungumzo ya ukoo ya kutafuta mbuzi wa suluhu. Mpeleke mhusika hospitali na katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, au piga simu ya bure 116 kwa habari ya mtoto. Kanisa lina kazi yake baadaye, ya kumhudumia aliyeumizwa na hata kumtembelea gerezani aliyeumiza.

Hatua ya saba: kabidhi ukiwa bado unaweza kuulizwa

Samweli alipozeeka na Israeli ilipopata mfalme, aliwasimamisha watu akawauliza hadharani: nimetwaa ng'ombe wa nani, au nimetwaa punda wa nani, ni nani niliyemdhulumu (1 Samweli 12:3)? Aliuliza akiwa hai, mbele ya mfalme mpya, mahali ambapo mwenye punda angeweza kusimama. Sisi huachia ofisi kwa kuhama, kwa kuugua au kwa kufa, na familia hubaki ikitafuta funguo.

Kwa hiyo muda wako ukikaribia kwisha, iwe ni uhazina wa jumuiya, uenyekiti wa kikoba au usimamizi wa shamba la marehemu kaka yako, panga siku ya makabidhiano mapema na uwaalike wanaohusika wote, pamoja na yule unayejua kwamba hakupendi. Soma daftari kwa sauti kuanzia salio la mwisho lililokaguliwa. Hesabuni fedha taslimu mezani, mara mbili. Andikeni karatasi mbili zinazofanana zenye tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, idadi ya funguo, orodha ya vitu na madeni ambayo hayajalipwa pamoja na majina ya wanaodaiwa. Uliza swali la Samweli kwa maneno yako mwenyewe, kisha nyamaza kwa muda wa kutosha ili mtu mwenye aibu apate nafasi ya kuinua mkono. Akiinua, iandikeni hoja yake chini ya orodha hata kama huikubali. Mtie saini wewe, anayepokea na mashahidi wawili, karatasi moja iingie sandukuni, na nyingine uondoke nayo.